Kitenzi Kilichotarajiwa: Uandamani wa Maneno na Uhakiki wa Fasihi ya Kiafrika kwa Kiingereza

Utangulizi

Makala hii inanuia kuchunguza suala ambalo wahakiki wetu hulitaja mara nyingi lakini hulifafanua kwa nadra, nalo ni namna mwandishi wa Kiafrika aandikaye kwa Kiingereza anavyoyachagua maneno yanayoandamana, hasa kitenzi cha kisitiari na nomino yake. Imekuwa desturi katika tasnifu zetu kusema kwamba mwandishi fulani "amekiafrikanisha Kiingereza". Kauli hiyo huwekwa kama hitimisho ilhali ingepaswa kuwa mwanzo wa uchunguzi. Amekiafrikanisha katika neno lipi? Na tunajuaje kwamba alichokifanya ni ubunifu wala si kosa?

Tulipata kusoma tasnifu ya uzamili ambamo mtahiniwa aliorodhesha kurasa tatu za mifano ya uafrikanishaji wa aina hiyo. Mingi ya mifano yake ilikuwa Kiingereza cha kawaida kabisa, na mmoja, kama tulivyokuja kugundua, ulikuwa kosa la mpiga chapa. Tuliipitisha tasnifu hiyo. Hatukuwa na kipimo cha kumwonyesha alipokosea. Makala hii ni jaribio la kulipa deni hilo.

Swali lenyewe si geni. Mwaka 1952, riwaya ya Amos Tutuola, The Palm-Wine Drinkard, ilipochapishwa na Faber and Faber mjini London, mshairi Dylan Thomas aliisifu sana katika gazeti la Observer, ilhali wasomi kadhaa wa Nigeria waliionea haya. Nathari ile ile ilikuwa ubichi wa kupendeza kwa msomaji mmoja na aibu ya darasani kwa mwingine. Chukua neno moja tu la anwani. Kiingereza sanifu kina "drunkard", yaani mlevi, neno liandamanalo na lawama. "Drinkard" halimo katika desturi hiyo. Limeundwa kutokana na kitenzi cha kunywa chenyewe, na kwa hivyo laweza kumtaja mtu ambaye kunywa ndiyo shughuli yake, kama vile mgema alivyo na shughuli yake ya kugema. Mhusika wa Tutuola ni mtu wa namna hiyo hasa: babaye alimwekea mgema wake mwenyewe, na hana kazi nyingine. Je, neno hilo ni kosa au ni uamuzi? Waliosifu na waliolaumu walitoa hukumu zao bila kutaja kipimo walichokitumia.

Hoja yetu ni kwamba mhakiki hana haki ya kukisifu wala kukilaumu kitenzi kisichotarajiwa kabla hajakitaja kile kilichotarajiwa. Fauka ya hayo, katika fasihi ya Kiafrika kwa Kiingereza, vitenzi vinavyotarajiwa ni viwili: kile cha Kiingereza, na kile cha lugha inayosema nyuma ya Kiingereza hicho.

Maneno na Wenziwe

Uandamani wa maneno ulianza kuchunguzwa kwa makini na walimu wa lugha kabla ya wahakiki. Harold Palmer, mwalimu Mwingereza aliyefanya kazi nchini Japani, alitoa mjini Tokyo mwaka 1933 ripoti iliyokusanya maelfu ya miandamano ya maneno ya Kiingereza kwa manufaa ya wanafunzi. J. R. Firth wa London ndiye aliyelipa jambo hili hadhi ya kinadharia. Mwaka 1951 alidai kwamba sehemu ya maana ya neno imo katika maneno yanayolizunguka kwa mazoea, kwa jinsi neno la usiku linavyoandamana na neno la giza, na lile la giza na lile la usiku. Mfuasi wa mkondo wake, John Sinclair, aliithibitisha nadharia hiyo katika Chuo Kikuu cha Birmingham kwa kutumia kompyuta na hazina kubwa ya matini, kazi iliyozaa kamusi ya COBUILD mwaka 1987.

Yatupasa kusisitiza kwamba uandamani huu hautokani na mantiki. Mvua ya Kiingereza ni "heavy", nzito. Ya Kiswahili ni kubwa. Mwingereza "makes a decision", hutengeneza uamuzi. Mswahili hukata shauri. Picha ya Kiingereza huchukuliwa. Ya Kiswahili hupigwa, sawa na simu, pasi, kura, hodi na chafya. Hakuna sarufi iwezayo kumwonya mwanafunzi kuhusu mambo haya, kwa kuwa sentensi yenye "big rain" haijavunja kanuni yoyote ya sarufi. Imevunja mazoea tu. Ndiyo sababu mwalimu hubaki akiandika pembeni mwa insha kwamba sentensi "haisikiki vizuri", bila kuweza kueleza zaidi.

Vitenzi vya kisitiari vina utata mwingine, kwa maana sitiari zake nyingi zimelala. Bei za Kiingereza "soar", hupaa kama ndege, na "plummet", huanguka kama timazi. Kwa hakika kitenzi hicho kilitokana na jina la risasi ya timazi. Bei za Kiswahili kwa kawaida hupanda na kushuka, kama mtu aliye ngazini. Msemaji wa kila siku haoni ndege, timazi wala ngazi. Sitiari huamka pale tu mtu anapoitenga na mwenziwe wa kawaida na kuioza kwa mwingine.

Sinclair aligundua jambo jingine. Kitenzi cha Kiingereza "set in", kiaminishwacho kuwa na maana ya kuanza na kudumu, huandamana aghalabu na mambo mabaya: uozo, kukata tamaa, baridi kali. Furaha haielekei "to set in". Kwa hivyo kitenzi kinaweza kubeba rangi ya wenziwe hata pale wenziwe hawapo.

Kipimo cha Louw na Pengo Lake

Aliyeihamisha hoja hii kutoka kwenye kamusi hadi kwenye uhakiki ni Bill Louw, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Zimbabwe, katika makala yake ya mwaka 1993. Louw alidai kwamba mwandishi anapoliweka neno lenye rangi mbaya kando ya jambo jema, au kinyume chake, mambo mawili yawezekana. Akiwa amekusudia, hiyo ni kejeli. Asipokuwa amekusudia, basi lugha imemfichua: hasemi kwa dhati. Mmoja wa mifano yake ni fungu "bent on", ambalo kwa mazoea hutangulia maangamizi au kisasi. Mwandishi wa riwaya za vyuoni, David Lodge, aliliweka mbele ya jambo jema, kujiendeleza, alipowazungumzia wahudhuriaji wa makongamano, na msomaji akacheka kabla ya kujua anachekea nini.

Kipimo hiki kina thamani kubwa. Kinamtaka mhakiki athibitishe mazoea kabla ya kuzungumzia ukiushi. Hata hivyo, kina pengo. Louw anachukulia kwamba nyuma ya matini pana mazoea ya lugha moja tu. Mwandishi ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiijo, Kiigbo au Kiacholi hawezi kutoshea katika kejeli na unafiki peke yake. Yawezekana hakejeli wala hadanganyi, bali anayafuata mazoea kwa uaminifu mkubwa. Ila mazoea hayo si ya Kiingereza.

Achebe aliliona jambo hili mapema. Katika makala yake iliyochapishwa katika jarida la Transition mwaka 1965, alichukua kifungu cha riwaya yake Arrow of God, ya 1964, ambamo kuhani Ezeulu anamweleza mwanawe kwa nini anampeleka kwa Wakristo. Kisha akakiandika upya kifungu hicho kwa Kiingereza cha kawaida na kuyaweka matoleo hayo mawili sambamba. Katika toleo la kawaida mtoto anatumwa kama mwakilishi. Katika riwaya anatakiwa awe macho ya baba yake huko. Hili ndilo zoezi tunalolipendekeza, na ajabu ni kwamba mwandishi mwenyewe alilifanya zamani ilhali wahakiki wake tumeendelea kusifu tu. Mwakilishi husema kwa niaba ya aliyemtuma. Macho huona, na hayasemi mpaka mwenyewe aulize. Katika tofauti hiyo ndogo umo mkasa wa Ezeulu, ambaye alimpeleka mtoto kwa Wakristo ili awatazame.

Mfano huu una funzo pia kwa mfasiri. Kiswahili kina fungu "kuwa macho", lakini maana yake ni kukaa chonjo. Mfasiri akiandika kwamba mtoto "awe macho huko", amepata fungu la kawaida na kupoteza riwaya. Kimilikishi kimoja tu, "awe macho yangu", ndicho kinachoizuia sentensi isiteleze ndani ya mazoea yetu.

Okara: Kifua na Kivuli

Gabriel Okara alikwenda mbali zaidi ya Achebe. Katika makala aliyoichapisha katika Transition mwaka 1963, jarida lililokuwa likitolewa Kampala, alieleza kwamba hufasiri karibu neno kwa neno kutoka Kiijo, kwa kuwa humo ndimo mlimo fikra na desturi za watu wake. Riwaya yake The Voice, ya 1964, ni utekelezaji wa nadharia hiyo. Humo watu wanasema kwamba Okolo, mhusika mkuu, hana kifua, na kwamba hana kivuli.

Tuanze na mazoea ya Kiingereza. Kifua cha Kiingereza huandamana na majivuno, pale mtu anapokitutumua, na maungamo, pale anapokitua mzigo. Kivuli huandamana na shaka, na kifo, na mtu anayemfuata mwingine. Kukosa kifua si fungu la Kiingereza hata kidogo. Kwa hivyo msomaji wa Kiingereza anasimama, na katika kusimama huko analazimika kuunda maana: mtu huyu hana uzito, hana mahali pa kuwekea ujasiri, wala jua halimtambui. Kitenzi kilichotarajiwa, kwamba Okolo ni mwoga au si mtu wa kuhesabiwa, kingepita bila kuonekana.

Sasa tuje kwa msomaji Mswahili. Kwetu, mtu mwenye kifua ni mtu awezaye kuhifadhi siri, na asiye na kifua ni yule ambaye ukimnong'oneza asubuhi, jioni mtaa mzima unajua. Msomaji wetu akiachwa na mazoea yake, atamwona Okolo kuwa mpayukaji. Cha kushangaza ni kwamba kosa hilo linamfikisha karibu na kiini cha riwaya, kwa sababu shida ya Okolo na wakubwa wa mji wake ni kwamba hanyamazi. Anauliza lile ambalo wengine wamekubaliana lisiulizwe. Lakini kukaribia si kufika. Usomaji huo umezaliwa na Kiswahili, si na matini, na mhakiki mwaminifu hana budi kulisema hilo waziwazi.

Hapa pana ugumu ambao hatutaki kuuficha. Sisi hatusemi Kiijo. Nusu ya kwanza ya kipimo, yaani kutaja mazoea ya Kiingereza, iko mikononi mwa kila mhakiki. Nusu ya pili inahitaji shahidi. Kwa Okara, shahidi ni makala yake mwenyewe. Pasipo shahidi wa namna hiyo, mhakiki aseme kwamba ameona ukiushi na hajui chimbuko lake. Kusema hivyo ni bora kuliko kuyaita "ya Kiafrika" maneno ambayo hajui ni ya nani.

Okot: Kung'oa Boga

Okot p'Bitek anatupa hali iliyo bora kwa mtafiti, maana matini ya Kiacholi ipo. Song of Lawino ilichapishwa Nairobi mwaka 1966 na East African Publishing House, na Wer pa Lawino ikafuata mwaka 1969. Utenzi huo una methali ya Kiacholi inayokataza kung'oa boga katika boma la zamani. Mengi yameandikwa kuhusu boga. Machache yameandikwa kuhusu kung'oa.

Katika Kiingereza, maboga hulimwa, huvunwa na huchongwa. Kitenzi "uproot" huandamana na miti na magugu, na kwa njia ya sitiari huandamana na watu: familia zilizohamishwa, jamii zilizotolewa katika ardhi yao. Kwa hivyo Okot anapolifasiri katazo hilo kwa kitenzi hiki, methali ya Waacholi inapata mwangwi ambao haukuwa lazima iwe nao nyumbani. Huko, boga ni mmea unaoota katika mahame bila kumsumbua mtu, na kuung'oa, hata pale watu wanapohamia boma jipya, ni uharibifu usio na faida. Katika Kiingereza, anayeng'olewa ni Ocol mwenyewe. Anadhani anang'oa boga la Lawino, kumbe kitenzi kimekwisha mhesabu miongoni mwa waliong'olewa. Hapa hatuoni kejeli kwa maana ya Louw, wala unafiki, bali lugha mbili zikigawana kitenzi kimoja.

Taban lo Liyong hakuridhika na tafsiri ya Okot, na mwaka 2001 alitoa yake, The Defence of Lawino. Mgogoro huo kwa kawaida husimuliwa kama ugomvi wa marafiki wawili. Sisi tungependa usomwe kama mjadala wa kiuhakiki: je, mfasiri aufuate uandamani wa lugha chanzi, au atafute kitenzi ambacho katika lugha lengwa kina wenziwe wa kufaa? Katika kifungu hiki, twaona Okot alipata yote mawili kwa pamoja. Si kila mahali alipopata.

Na Kiswahili je? Kazi hii ilifasiriwa na Paul Sozigwa kwa anwani Wimbo wa Lawino mwaka 1975. Kwa Mswahili, boga huchumwa, na kinachong'olewa ni mhogo, jino, kisiki au nanga. Kung'oa nanga ni kuanza safari, jambo la heri. Isitoshe, boga letu lina methali yake: ukipenda boga, penda na ua lake. Methali hiyo husemwa hasa panapohusika ndoa na wale wanaomfuata mke nyumbani. Msomaji Mswahili akikutana na boga kinywani mwa mke aliyedharauliwa na mumewe, anasikia lalamiko la mke kabla hajasikia lalamiko la utamaduni. Huo ni utajiri ambao haumo katika matini ya Kiingereza. Mhakiki wa tafsiri asiouona atabaki akihesabu yaliyopotea tu.

Kula kwa Kiingereza cha Kenya

Mifano iliyotangulia ni ya waandishi mmoja mmoja. Upo ukiushi ambao umekwisha kuwa mazoea ya umma mzima. Mwaka 2009 mwandishi Michela Wrong alichapisha kitabu kuhusu John Githongo na ufisadi nchini Kenya, akakipa anwani It's Our Turn to Eat. Katika desturi ya Kiingereza cha Uingereza, kitenzi "eat" kisipokuwa na yambwa humaanisha kupata mlo tu. Vitenzi vilivyotarajiwa ni vile vya kufuja na kuiba, ambavyo vyote vina harufu ya mahakama.

Kula kwa Kiswahili kuna wenziwe wengi: rushwa, riba, fedha za umma, lakini pia kiapo, njama na hasara. Orodha hii inafunza. Aliyekula kiapo hakufaidi kitu. Kiapo kimemwingia mwilini, wala hawezi kukitoa. Kwa hivyo anayekula fedha za umma hajazichukua tu, amezifanya kuwa sehemu ya mwili wake. Pamoja na hayo, kula ni haki ya kila aliyeketi mekoni, na ndiyo maana kunaweza kuwa na zamu. Hakuna zamu ya kuiba. Kitenzi cha sheria kinamhukumu mtu mmoja; kitenzi cha mekoni kinaeleza kwa nini jamaa zake hawamhukumu. Ukali wa anwani hiyo umo katika pengo baina ya vitenzi hivyo viwili.

Lakini irudishe anwani hiyo katika Kiswahili, useme "zamu yetu ya kula", na ukali unafifia. Si kwamba tafsiri ni mbaya. Tatizo ni kwamba ni ya kawaida mno. Kilichokuwa ukiushi kule kimerejea nyumbani na kuwa usemi wa sokoni. Mfasiri wa Kiswahili hukabiliwa na tatizo hili kila mara anaposhughulikia fasihi ya Afrika Mashariki kwa Kiingereza: anarudisha maneno kwao, na maneno yakifika kwao hunyamaza.

Kosa na Uamuzi

Je, basi, kila kosa la mwanafunzi ni ubunifu unaosubiri mhakiki? La hasha. Tunapendekeza maswali matatu. Kwanza, ni kitenzi kipi kilichotarajiwa, na ushahidi wake ni upi? Pili, kitenzi kilichotumiwa kina wenziwe gani katika lugha zote mbili? Tatu, je, matini inaitumia tofauti hiyo, au inaipita tu? Mwanafunzi anayeandika "big rain" hufeli katika swali la tatu: mvua yake haifanyi lolote ambalo "heavy rain" isingelifanya. Okara, Okot na Achebe wanafaulu kwa sababu ukiushi wao unafanya kazi katika matini nzima.

Maswali hayo yatugeukie na sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Makala zetu za kitaaluma zimejaa dhima "zinazochezwa" na mijadala inayomalizwa kwa "mwisho wa siku", kana kwamba jua lilikuwa likituchelea. Baadhi ya miandamano ya namna hii imekwisha kukubalika. Leo ni nani atakayelalamikia "kuchukua hatua"? Mazoea hubadilika, na mhakiki si askari wa mpakani. Hata hivyo, maneno hayo mengine hayakuchaguliwa na mtu yeyote. Yameingia tulipokuwa tukifikiria jambo jingine. Kwa kipimo kile kile tunachompimia mwanafunzi wa Kiingereza, sisi ndio tuliofeli.

Hitimisho

Katika makala hii tumejaribu kuonyesha kwamba uafrikanishaji wa Kiingereza hauwezi kuthibitishwa kwa orodha, bali kwa kulinganisha kitenzi kilichotumiwa na kile kilichotarajiwa, tena katika lugha mbili. Hili lina athari kwa mpangilio wa vyuo vyetu. Mwaka 1968, Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walidai katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba Idara ya Kiingereza iondolewe na fasihi ya Kiafrika iwekwe katikati. Dai hilo lilizaa matunda mengi. Lakini bado mwanafunzi mmoja husoma Song of Lawino katika idara moja bila kuisikia lugha ya Kiafrika iliyo nyuma yake, na mwenziwe, katika idara ya jirani, husoma Wimbo wa Lawino bila kuulizwa boga limetoka wapi.

Mtahiniwa tuliyemtaja mwanzoni alihitaji walimu wawili wa idara hizo kuketi naye juu ya ukurasa mmoja, wakamuuliza: hapa ulitarajia kitenzi gani? Swali hilo lingeliziondoa kurasa mbili na nusu za orodha yake. Nusu ukurasa ambayo ingebaki ndiyo ingekuwa tasnifu.